Afya ya Nyumbani: Tetekuwanga Inapobisha Hodi kwa Jirani

Katika maisha ya kambini ni machache yawezayo kufichwa kwa muda mrefu. Nyumba hupakana ukuta kwa ukuta, watoto hucheza uwanja mmoja, akina mama huteka maji bomba moja, na kikohozi cha mtoto wa nyumba ya kwanza husikika nyumba ya tatu. Hali hiyo ina heri yake, kwani askari anapokuwa kazini mbali, jirani ndiye ndugu wa kwanza wa jamaa yake. Lakini ina taabu yake vilevile, maana ugonjwa uenezwao kwa pumzi haungoji amri ili kuhama kutoka mlango huu kwenda mlango ule. Mojawapo ya magonjwa ya namna hiyo ni tetekuwanga.

Na ichukuliwe familia moja ya konstebo wa polisi iishiyo kambini mjini Kampala, katika kibanda cha mabati cha mviringo kiitwacho unipoti, ambacho chumba chake kimoja kimegawanywa kwa pazia. Humo wamo baba, mama, binti wa miaka 6, mvulana wa miaka 3, na mtoto mchanga anyonyaye. Jumapili mchana mtoto wa jirani alishinda humo akicheza na wenziwe, akala nao sahani moja, akalala nao mkeka mmoja. Alionekana amechoka kidogo tu. Jumanne asubuhi aliamka kifua na mgongo vimejaa malengelenge. Mama yake alimfungia ndani, akawaambia watu kuwa mtoto ana malaria.

Habari zilitoka Alhamisi kwa vinywa vya watoto wenyewe. Mama wa unipoti alikwenda moja kwa moja kwa mwenzake.

“Mama mwenzangu, mbona hukuniarifu?”

“Niliogopa, dada. Siku hizi watu wakiona vipele husema ni mpox. Wangetufukuza bombani.”

Katika maneno hayo machache umo ugumu wote wa jambo hili. Kwa watoto wengi wenye afya njema tetekuwanga huja na kuondoka bila kuacha madhara makubwa. Lililo la hatari zaidi ni kuificha, kwa sababu wapo watu kambini ambao kwao ugonjwa huu si mwepesi hata kidogo, nao wana siku chache tu za kupata msaada.

KUUJUA UGONJWA WENYEWE

Tetekuwanga huletwa na virusi vienezwavyo kwa hewa, kwa kikohozi na chafya, na kwa kugusa maji ya malengelenge. Mtu ambaye hajapata kuugua, akikaa chumba kimoja na mgonjwa kwa robo saa hadi saa moja, yafaa ahesabiwe kuwa huenda ameambukizwa. Katika nyumba moja, kati ya watu 10 wasio na kinga, hata 9 waweza kuupata. Kwa sababu hiyo, katika unipoti ya chumba kimoja, kumtenga mtoto nyuma ya pazia hakuzuii mengi. Kazi ya maana ni kuwajua walio dhaifu ndani ya nyumba, na kuwalinda walio nje yake.

Aidha, mgonjwa huanza kuambukiza siku 1 au 2 kabla vipele havijatokea, naye huendelea kuambukiza mpaka malengelenge yote yamekauka na kuwa vigaga, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 5 hadi 7. Ndiyo maana mtoto aliyetokwa na vipele Jumanne alikuwa tayari akiambukiza Jumapili. Kwa ya Jumapili hapana mzazi wa kulaumiwa, kwani hakuna aliyejua. Lawama, kama ipo, ni ya Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Mtu aliyekwisha kuugua tetekuwanga mara moja kwa kawaida haugui tena. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila nyumba iliyofikiwa na habari kama hizo ni hili: nani amewahi kuugua, na nani hajawahi? Wengi hudhani kuwa kila mtu mzima alikwisha kuugua utotoni. Sivyo. Katika nchi za joto watu wanaofikia utu uzima bila kuugua ni wengi kuliko katika nchi za baridi. Baba asiyekumbuka lolote na apige simu kwa mama yake mzazi kijijini. Mara nyingi mama hukumbuka.

KUHESABU SIKU

Kuanzia siku ya kukaa na mgonjwa hadi siku ya kutokea vipele hupita siku 10 hadi 21, na kwa wengi huwa siku ya 14 hadi ya 16. Kalenda ya ukutani na penseli vyatosha kwa kazi hii. Jumapili ile haihesabiwi; Jumatatu ni siku ya 1. Siku ya 8 itakuwa Jumatatu ya juma la pili, na tangu hapo mtoto aweza kuanza kuambukiza hata kama ngozi yake ni safi. Siku ya 10 itakuwa Jumatano ya juma hilo hilo. Siku ya 21 itakuwa Jumapili ya tatu baada ya ile ya kwanza. Ikipita bila vipele, nyumba ina haki ya kupumua.

Katika siku 7 za mwanzo watoto hawana hatari kwa mtu, na maisha yaendelee kama kawaida. Mtoto asiye na dalili si lazima azuiwe kwenda shule, lakini mwalimu wake aarifiwe. Kuanzia siku ya 8 mama atazame ngozi ya kila mtoto asubuhi kabla ya kumvika sare: kifua, mgongo, uso, na kichwani chini ya nywele, kwani huko ndiko vipele hupenda kuanzia. Katika siku hizo watoto wasipelekwe kumwona mzazi aliyejifungua, wala wasikalishwe katika benchi la kliniki ya wajawazito.

Ikitokea kwamba mtoto wa kwanza ametokwa na vipele, hesabu huanza upya kwa wale waliobaki. Mathalani, binti akiugua siku ya 15, mdogo wake aliyesalimika aweza kuugua siku 10 hadi 21 baadaye. Kwa njia hiyo nyumba moja yaweza kuwa na mgonjwa baada ya mgonjwa kwa muda wa mwezi na nusu. Tena yule anayeambukizwa na ndugu yake nyumbani mara nyingi hutokwa na vipele vingi kuliko wa kwanza. Baba anayepanga likizo, na mama anayepanga safari ya kwenda msibani au arusini, hawana budi kuiweka hesabu hii mbele yao.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na makosa yenyewe ni mawili. Kosa la kwanza ni kuwakimbiza watoto kijijini kwa bibi yao mara habari zinaposikika. Mtoto aliyekwisha kuambukizwa huondoka kambini akiwa mzima, hupanda basi akiwa mzima, na kuangusha ugonjwa huko aendako, penye wajukuu wengine na zahanati iliyo mbali. Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kuwakusanya watoto makusudi kwa mgonjwa ili “wamalize wote pamoja”. Hapana awezaye kujua mapema ni mtoto yupi ambaye ugonjwa utamgeukia vibaya.

WANAOSTAHILI KUTANGULIZWA

Katika kila nyumba na kila safu ya nyumba wapo watu ambao habari hizi ziwafikie kabla ya wengine wote.

Wa kwanza ni mama mjamzito ambaye hajapata kuugua. Kwake tetekuwanga yaweza kuleta homa kali ya mapafu, na ikimpata katika nusu ya kwanza ya mimba yaweza, ingawa ni nadra, kumdhuru mtoto tumboni. Hatari kubwa zaidi kwa kitoto ni pale mama anapotokwa na vipele katika siku 5 kabla ya kujifungua au siku 2 baada yake, kwa kuwa kitoto huzaliwa na ugonjwa bila kinga ya mama yake. Mjamzito aliyekaa na mgonjwa aende kwa mkunga au daktari mara moja, asingoje vipele. Kuna sindano maalumu ya kinga, ingawa ni adimu, na kuna dawa ya kupambana na virusi iitwayo asiklovia. Zote zina siku zake, na anayechelewa huikuta nafasi imepita.

Wa pili ni watoto wachanga. Mama aliyewahi kuugua humpa mtoto wake kinga kidogo kwa miezi ya mwanzo; mama asiyewahi kuugua hana cha kumpa. Wa tatu ni wale ambao kinga ya miili yao imepungua: wenye virusi vya Ukimwi, hasa wasiotumia dawa, wagonjwa wa saratani, watoto wenye utapiamlo, na wanaotumia dawa za jamii ya steroidi. Si lazima jirani ajue siri ya afya ya mtu. Yatosha aseme kwa wote, “Nyumbani kwangu kuna tetekuwanga,” na kila mwenye siri yake atajua la kufanya.

Wa nne, ambaye husahauliwa sana, ni baba mwenyewe. Ugonjwa huu humlaza mtu mzima kwa ukali kuliko mtoto, na homa ya mapafu huwapata zaidi wavutao sigara. Askari anayelala bwenini na wenzake thelathini, au anayekwenda lindo katika gari lililojaa, aweza kuwa chanzo cha ugonjwa kwa kikosi kizima. Kumwambia mkuu wake, “Afande, nyumbani kwangu watoto wamekaa na mgonjwa wa tetekuwanga, nami sikuwahi kuugua,” si kukwepa kazi. Ni taarifa kama taarifa nyingine yoyote ya usalama.

MKANDA WA JESHI

Tetekuwanga haitoki kwa watoto peke yao. Mgonjwa anapopona, virusi havitoki mwilini, bali hujificha katika mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Vinapoamka, hutoa malengelenge yenye maumivu makali, yaliyojipanga upande mmoja wa mwili mfano wa mshipi. Waswahili wameuita ugonjwa huo mkanda wa jeshi. Mtu hawezi kuambukizwa mkanda wa jeshi na mwingine. Lakini mtoto asiyewahi kuugua, akigusa maji ya malengelenge hayo, aweza kupata tetekuwanga. Kwa hiyo askari arudiye nyumbani na mkanda wa jeshi aufunike kwa kitambaa safi, anawe mikono, na asimpakate mtoto mchanga mpaka ukauke. Na kijana apatwaye na mkanda wa jeshi yafaa pia apime virusi vya Ukimwi, kwani mara nyingine hiyo huwa ndiyo ishara ya kwanza.

VIPELE VIKITOKEA

Mtoto huanza kwa homa ndogo, kuumwa kichwa na kukosa hamu ya chakula. Kwa kuwa malaria nayo huanza hivyo, apimwe malaria. Kisha hutokea vipele vyekundu, vinavyogeuka malengelenge ya maji, na mwisho vigaga. Vipya hutokea kwa siku kadhaa huku vya zamani vikikauka, hata mwili mmoja ukawa na vya kila namna kwa wakati mmoja.

Mtoto abaki nyumbani mpaka vyote viwe vigaga. Akatwe kucha na kusafishwa mikono mara kwa mara, kwa sababu vidonda vya kujikuna ndivyo huingiza usaha na kuacha makovu. Wako wazazi wanaomzuia mgonjwa asioge. Hilo ni kosa. Aogeshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, akaushwe kwa kugusishwa taulo taratibu, na kuvikwa nguo nyepesi ya pamba. Losheni ya kalamini hupunguza mwasho. Majani na unga usiojulikana visipakwe juu ya malengelenge yaliyopasuka. Apewe maji mengi, na kama kinywa kina vidonda, uji uliopoa na ndizi laini humfaa kuliko vyakula vya chumvi na ndimu.

Kwa homa hupewa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe kamwe mtoto mwenye tetekuwanga, kwa maana yaweza kuzusha ugonjwa wa hatari wa ubongo na ini. Ibuprofeni nayo yafaa iepukwe, kwani imehusishwa na maambukizo mabaya ya ngozi. Dawa za kuua bakteria hazitibu tetekuwanga. Hutolewa na tabibu pale tu vidonda vinapoingia usaha.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi. Mtoto anayehema kwa shida, anayesinzia mno au kuweweseka, anayepepesuka akitembea, mwenye shingo iliyokakamaa au degedege, anayetapika bila kukoma, anayetokwa na damu katika vipele, mwenye ngozi iliyovimba, iliyo nyekundu na yenye moto, au ambaye homa yake imepita siku 4 au imerudi baada ya kutoka, apelekwe hospitali usiku huo huo. Hata hivyo, zahanati ipelekewe habari kwanza ikiwezekana, ili mgonjwa apokewe kando na asipitishwe katikati ya wajawazito na watoto waliokuja kuchanjwa.

SI KILA UPELE NI TETEKUWANGA

Hofu ya yule mama haikuwa ya bure kabisa. Uganda ilithibitisha wagonjwa wa mpox mwaka 2024, na tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Tangazo hilo likaondolewa Septemba 2025. Vipele vya mpox kwa kawaida huwa vigumu na vyenye kina, hufanana umri mahali pamoja, hutokea sana usoni, viganjani na nyayoni, na tezi za shingo au kinena huvimba. Vya tetekuwanga ni vyepesi juu ya ngozi, huzidi kifuani na mgongoni, na huchanganyika vipya na vikavu. Lakini jicho la jirani si maabara, na magonjwa haya mawili yamepata kuwachanganya hata wataalamu. Panapokuwa na shaka, tabibu achukue kipimo. Wa kufukuzwa bombani hayupo katika ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili.

Wazee nao bado huitaja ndui. Hiyo imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru nayo. Chanjo ya surua, inayotolewa kwa miezi 9 na miezi 18, haizuii tetekuwanga. Chanjo ya tetekuwanga yenyewe ipo. Ilitengenezwa mwaka 1974 na daktari wa Kijapani, Michiaki Takahashi, ambaye mwanawe mdogo alikuwa amepata kuugua vibaya. Haimo katika ratiba ya chanjo za kawaida za watoto nchini Uganda, lakini mzazi aweza kuiulizia hospitalini. Ikitolewa katika siku 3 hadi 5 za kwanza baada ya kukaa na mgonjwa, yaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Chanjo hiyo hapewi mjamzito.

Katika unipoti ile, mama alikumbuka kuwa aliugua akiwa shuleni. Moyo wake ukatulia kwa ajili ya kichanga. Baba alipiga simu kijijini, akaambiwa hakuwahi kuugua, naye akatoa taarifa kwa mkuu wake asubuhi ya Ijumaa. Kisha wale akina mama wawili, aliyeficha na aliyefichwa, walikwenda pamoja nyumba ya pili, kwa mke wa sajini mwenye mimba ya miezi minne. Yeye pia alikuwa amempakata yule mtoto Jumapili.

“Dada, tumekuja kukuambia jambo kabla hujalisikia bombani,” alisema mama wa mgonjwa.

Mke wa sajini hakupiga kelele. Aliuliza ni siku ngapi zimepita, akavaa kanga, akaenda kwa mkunga. Ilikuwa siku ya 5, na wakati ulikuwa bado ungalipo.